Amri moja, miezi minne

`fundi panga` niliimaliza kwa jioni kumi na mbili hivi. `fundi tekeleza`, ambayo ukiitazama kwa nje ni kufanya tu kile ambacho `panga` imeshakitaja, imenila miezi minne, na hata leo nikitaka kuiendesha huwa nasogeza kikombe cha chai pembeni kwanza.

Fundi ni programu ndogo ya terminali niliyoiandika kwa lugha ya Go. (Nitamwita "yeye". Ni fundi, bwana.) Kazi yake ni kutunza seva 11 ambazo mimi na mwenzangu mmoja tunazisimamia kutoka chumba cha nyuma hapa Sinza, Dar es Salaam. Wateja wetu ni wa kawaida: shule mbili, duka la vipuri, wakala wa mizigo, saluni yenye tovuti nzuri kuliko zote. Unaandika kwenye faili unachotaka kiwepo: seva kadhaa, milango ya mtandao ya kufunguliwa, rekodi za DNS (zinazoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya seva), watumiaji, vyeti vya TLS (vinavyolinda mawasiliano ya tovuti). `panga` inasoma faili, inachungulia hali ilivyo kweli, inakuonyesha tofauti. `tekeleza` inaziondoa hizo tofauti.

Najua swali linalokuja: kwa nini usitumie Terraform, programu maarufu inayofanya kazi hiihii? Naitumia, kwenye kazi ya mshahara. Ipo tangu 2014 na imeshapigwa na kila mvua. Agosti 2023 HashiCorp, kampuni iliyoiunda, walipobadilisha leseni yake kutoka MPL, ya programu huria, kwenda BSL, inayowabana washindani, watu wakachukua msimbo wa zamani wakaanzisha OpenTofu, pacha wake huria, chini ya Linux Foundation, na makelele yale ndiyo yaliyonifanya nijiulize mle ndani kuna nini hasa. Ukiwa na kazi ya watu na tarehe ya kukabidhi, chukua mojawapo ya hizo mbili, usinifuate mimi. Mimi nilitaka kujua. Tena nilitaka programu inayoongea Kiswahili, na hilo nalo lina visa vyake, nitavifikia.

Kisa cha kwanza ni cha herufi moja.

Toleo la awali la `tekeleza` lilikuwa na mistari kama sitini. Linaonyesha mpango, linauliza, linafanya. Swali nililiandika kwa kujivuna kidogo:

    Utekeleze mpango huu? [n/h]

n ya ndiyo, h ya hapana. Siku ya tatu mwenzangu akaiendesha peke yake. Kwenye mpango akaona mstari unaofuta kanuni ya mlango 22, yaani ule tunaoingilia kwenye seva kutoka mbali, kwa SSH. (Mimi ndiye niliyeupoteza ule mstari, nilikuwa nahamisha aya ndani ya faili.) Akashtuka, akafanya kile ambacho vidole vyake vimefanya maisha yote kwenye kila programu inayouliza y (yes) au n (no). Akabonyeza n.

Fundi akajibu "Sawa, naanza," akafunga mlango.

Simu ikaita. "Kaka, nimekataa, ikakubali."

Sikumwelewa mpaka aliporudia mara ya tatu. Seva ilikuwa hai, tovuti inafunguka, ila sisi wenyewe tuko nje. Tuliingia kwa lile dirisha la dharura ambalo kampuni tunayokodi seva wameliweka kwenye tovuti yao, ambalo halikubali kubandika, kwa hiyo nenosiri la herufi 24 nililisoma kwa sauti naye akaliandika moja moja, herufi kubwa, herufi ndogo, "hapana, sifuri, si o".

Sasa Fundi anakubali neno zima tu, `ndiyo`. Ukiandika n, ukiandika y, ukiandika NDIYO kwa hasira, anaacha. Terraform nayo inadai `yes` kamili, na kwa miaka nilidhani ni ukorofi wa walioiandika. Kama hakuna mtu kwenye kibodi, mathalani ameitwa na cron (saa ya seva inayoendesha amri zenyewe), hatekelezi chochote mpaka apewe `--bila-kuuliza`, na chaguo hilo sikulipa kifupi kwa makusudi. Mtu anayetaka kuruka swali aandike herufi zote akijisikia anachofanya.

Kuhusu milango nikaongeza kitu kingine nilichokiona kwenye ruta za Juniper, ile `commit confirmed`: mabadiliko yanaingia, lakini yasipothibitishwa ndani ya dakika 10 ruta inarudi ilivyokuwa. `netplan try` ya Ubuntu inafanya hivyohivyo kwa sekunde 120. Fundi anaacha saa ya sekunde 60 kwenye seva, anaweka kanuni mpya, kisha anajaribu kufungua muunganisho mpya kabisa wa SSH. Mpya, maana ule wa zamani mara nyingi unabaki hai hata mlango ukifungwa, na utakudanganya kwamba mambo ni shwari. Akishindwa kuingia, saa ikifika, seva inajirudishia kanuni za zamani yenyewe. Kipande hicho kimeniokoa mara mbili tangu hapo, zote mbili nikiwa na uhakika kwamba sihitaji kuokolewa.

Toleo la pili lililinganisha vitu viwili: faili na hali halisi. Kilichomo kwenye faili na hakipo, unda. Kilichopo na hakimo kwenye faili, futa. Nilipoliandika niliona raha, mistari michache na inasomeka kama shairi. Ijumaa moja saa tatu usiku nikalitumia kwenye DNS ya shule moja, kubadilisha anwani ya tovuti tu. Mpango ukaonyesha kimoja cha kubadilisha na viwili vya kufuta. Nikaona "futa", nikadhani ni rekodi zangu za majaribio za wiki iliyopita. Nikaandika ndiyo, tena neno zima.

Zile mbili zilikuwa rekodi za MX, zinazosema barua pepe za jina hilo zipelekwe wapi. Mtu wa ofisi ya shule alikuwa ameziweka kwa mkono wiki hiyohiyo kwenye paneli, walipohamia huduma mpya ya barua pepe, na wala hakuwa na sababu ya kuniambia.

Jumatatu asubuhi mkuu wa shule akapiga. "Kijana, tangu Ijumaa hatujapata barua hata moja. Hata zile za matangazo." Hilo la matangazo ndilo lililonikausha koo.

Kilichotuokoa ni utaratibu wa zamani wa barua pepe. Jina lisipokuwa na MX, seva inayotuma huchukua rekodi ya A (yenye anwani ya seva) ya jina hilo na kwenda kubisha huko. Huko ilikuwa seva yangu ya tovuti, ambayo mlango wake wa 25, ule wa barua pepe, hauna mtu. Barua zikabisha, zikakosa wa kufungua, zikarudi kwenye foleni za watumaji kusubiri zamu nyingine. RFC 5321, waraka wa kanuni za barua pepe, inashauri mtumaji aendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kuirudisha barua kwa mwenyewe, na kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi ni siku mbili na nusu. Laiti pale pangekuwa na programu ya barua inayoitikia mlango na kusema "huyo simjui", zote zingerudishwa papo hapo. Nikaziweka upya zile rekodi, na bado ikabidi tusubiri, kwa sababu seva za DNS hukumbuka pia kwamba kitu *hakipo*, kwa muda uliotajwa kwenye SOA (rekodi kuu ya jina), na muda wangu ulikuwa sekunde 3600. Kwenye saa tano barua zikaanza kuingia, mia na kitu kwa mkupuo. Matangazo yakiwemo.

Wiki hiyo ndipo niliposoma kwa utulivu jinsi `kubectl apply` inavyofanya, amri ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva, yaani klasta. Haiangalii vitu viwili, inaangalia vitatu: faili uliyoileta sasa, kitu kilivyo kwenye klasta, na kumbukumbu ya kile ulichokileta mara ya mwisho, ambayo inakibandika juu ya kitu chenyewe kwa jina refu la `last-applied-configuration`. Sehemu ikiwa kwenye kumbukumbu ila haimo kwenye faili ya leo, maana yake wewe ndiye uliyeiweka na wewe ndiye umeitoa, basi inafutwa. Sehemu ikiwepo ila haijawahi kuwa kwenye kumbukumbu, kaiweka mtu mwingine, inaachwa.

Nilicheka peke yangu. Mama yangu alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, na hayo yote alikuwa nayo. Kulikuwa na karatasi ya vitu vinavyotakiwa kuwepo, imechomekwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kulikuwa na rafu. Na katikati kulikuwa na kaunta buku la jalada gumu ambalo ndilo lililosema kipi tumeleta na kipi kimetoka. Watu walikuwa na tabia ya kuacha vitu vyao dukani, dumu la mafuta ya taa, mfuko wa mchele wa mtu anayesubiri daladala, mara moja tulikaa na cherehani wiki nzima. Siku ya kuhesabu mali nilimuuliza hili tuliandike wapi. "Limo kwenye buku?" Halimo. "Basi si letu, liruke."

Kwa hiyo Fundi akapata daftari. Ni faili moja, `daftari.json`, na kanuni zake sasa ni hizi: kilichomo kwenye faili na hakipo rafuni, unda, kilichomo daftarini lakini kimeondolewa kwenye faili, futa, ni chetu, kilichopo rafuni tu, kiache, kitaje kwenye ripoti kwa maneno "si yangu". Kesi ya nne ndiyo inayonisumbua mpaka leo: kimo kwenye faili, kimo daftarini, lakini mtu amekigusa kwa mkono. Terraform itakuonyesha na kukirudisha kwenye mstari. Mimi nilianza hivyo, nikagundua kwamba saa nyingine yule aliyegusa ndiye aliyekuwa sahihi, alikuwa anazima moto saa nane usiku. Siku hizi Fundi anasimama na kuuliza kwa kila kimoja, na mwenzangu analalamika kwamba anauliza sana. Anauliza sana, kweli.

Daftari nikalipa namba inayopanda kila likiandikwa, na mpango uliohifadhiwa unabeba namba ya daftari uliyoipangiwa. Nilipanga mchana, mwenzangu akaongeza mtumiaji jioni, usiku nikataka kutekeleza mpango wangu wa mchana:

    Mpango umechacha.
    Ulipangwa daftari likiwa namba 41, sasa ni namba 43.
    Panga upya.

"Umechacha" ni neno la mwenzangu. Mimi nilikuwa nimeandika "umepitwa na wakati", akasema hiyo ni lugha ya barua za serikali.

Sasa kisa ambacho ndicho kilichokula miezi miwili kati ya ile minne.

Nilikuwa nyumbani, saa mbili na nusu usiku, naunda seva mpya ya wakala wa mizigo. Wakati huo daftari na Fundi vilikaa kwenye laptopu yangu. Mpango ulikuwa na hatua nne: seva, mlango 80, rekodi ya DNS, cheti. Nikaandika ndiyo. Ombi la kuunda seva likaondoka kwenda Ulaya, na kabla jibu halijarudi, LUKU ikaisha. Mwezi mzima mita inalia kila uniti zikipungua na mwezi mzima nasema kesho. Taa zikazima, laptopu ikabaki hai kwa betri yake, ruta ikafa. Fundi akasubiri jibu sekunde 30 nilizompangia, akakata tamaa: "Imeshindikana kuunda seva." Mimi niko nje wakati huo, simu mdomoni inamulika mita, naingiza tokeni ya tarakimu 20 na kukosea ya kumi na saba.

Umeme uliporudi nikaendesha tena. Daftarini hakuna seva. Akaunda. Kila kitu kikaenda vizuri, nikalala.

Mwisho wa mwezi bili ikaja na seva 12. Niliitazama ankara kama mtu anayehesabu watoto wake. Ombi lile la kwanza lilikuwa limefika, seva ilizaliwa salama salimini, ila habari ya kuzaliwa kwake ndiyo iliyokatikia njiani. Ilikaa wiki tatu na siku kadhaa, haina jina kwenye DNS, haina kazi, inalipiwa. "Imeshindikana" ulikuwa uongo. Fundi hakujua kama imeshindikana. Alichojua ni kwamba hakupata jibu, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mimi nilikuwa nimeyaandikia msimbo mmoja.

Mama, mtoto wa jirani akija na ujumbe wa kukopeshwa nusu kilo ya sukari, alikuwa na amri moja kwangu: "Andika kwanza, ndipo upime." Nilikuwa naona ni kupoteza muda, mtoto amesimama, mizani iko hapa. Lakini ukipima kwanza, mwingine anaingia anataka vocha, wa tatu anaulizia mkate, mtoto ameshakimbia na sukari na buku halijui lolote. Ukiandika kwanza, hata ukiitwa katikati, mstari upo. Ukishampa unaweka tiki mbele yake. Mstari usio na tiki jioni ni wa kuulizia: mama fulani, mtoto alifika na sukari?

Ndivyo `tekeleza` inavyofanya sasa. Kabla ya kila hatua Fundi anaandika daftarini nia yake, pamoja na lebo ya herufi za kubahatisha. Seva inaundwa ikiwa na lebo hiyohiyo. Jibu likirudi, anaweka tiki. Akianza safari yoyote, kitu cha kwanza ni kutafuta mistari isiyo na tiki na kwenda kuuliza kwenye API, lango ambalo kampuni ya seva hupokea maombi ya programu: kuna kitu chenye lebo hii? Kikiwepo, anakipokea kama chake. Kisipokuwepo, anaunda. Na muda ukiisha bila jibu haandiki tena kwamba imeshindikana, anaandika "Sina hakika", kisha anasimama. Watu wawili waliokwisha kuiona meseji hiyo wamesema haina heshima kwa programu. Mimi naipenda.

Kuandika daftari lenyewe kulikuwa na mitego yake. Ukifungua faili na kuandika juu ya ya zamani, ukikatikia katikati unabaki na nusu daftari, ambayo ni mbaya kuliko kutokuwa na daftari. Njia ya miaka yote ni kuandika faili jipya pembeni, kulilazimisha lishuke kwenye diski kwa fsync, kisha kulipa jina la lile la zamani. Kubadilisha jina kunafanyika kwa mkupuo mmoja, ama unaliona la zamani ama jipya, hakuna la kati. Faili la pembeni nikaliweka kwenye `/tmp`, nikapokea `invalid cross-device link`, kwa sababu `/tmp` kwenye mashine yangu iko kwenye kumbukumbu ya RAM na si kwenye diski, na huwezi kubadili jina kuvuka kutoka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine. Weka faili la pembeni kwenye folda ileile, basi. Ukitaka kuwa mwangalifu kupita kiasi, ifanyie fsync na folda yenyewe. Mimi baada ya bili ile ni mwangalifu kupita kiasi.

Ctrl-C nayo, vile vitufe vya kusimamisha programu. Nilidhani nimeimaliza: nikafuata desturi ya Go, ishara ikija, muktadha (kitu ambacho kazi zote husikiliza kama ziendelee au ziache) unafutwa, kila kitu kinasimama. Kikasimama kweli, pamoja na ombi lililokuwa njiani kuunda kitu, nikawa nimejitengenezea kukatika kwa umeme kwa kidole changu. Sasa hatua iliyoanza inapewa muktadha wake kwa `context.WithoutCancel`, iliyokuja na Go 1.21, isiyosikia kufutwa kwa mkubwa wake. Ukibonyeza mara moja Fundi anasema "Namalizia hatua hii, kisha naacha." Ukibonyeza tena anakufa, na mstari usio na tiki unabaki daftarini kama ushahidi.

Mpangilio wa hatua sitausemea sana, ni algorithimu ya A. B. Kahn ya 1962, unatekeleza kwanza kisichomtegemea mwingine. Ila utegemezi wenyewe lazima uujue wewe. Niliwahi kuomba cheti cha Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya TLS bure, kabla ya kufungua mlango 80, wa tovuti, wao wakaja kuhakiki wakakuta ukuta, Fundi kwa bidii yake akarudia mara tano ndani ya saa moja, na mara tano ndio kikomo chao. Wakati wa kufuta, geuza mpangilio: rekodi ya DNS iondoke kabla ya seva, la sivyo jina la mteja wako litaendelea kuelekeza kwenye anwani ambayo kesho atapewa mtu usiyemjua. Terraform inafanya hatua hadi 10 kwa pamoja. Mimi nafanya moja moja. Kwa seva 11 ni dakika tatu, na logi inasomeka.

Nimeahidi Kiswahili.

Mafaili ya kawaida ya tafsiri yanakuuliza jambo moja tu: umoja au wingi? Nikaandika ripoti ya mwisho ya `tekeleza` kwa kudhani inatosha. Matokeo ya kwanza:

    1 mtumiaji imeundwa. 2 cheti zimeundwa.

Niliona aibu kwa niaba ya walimu wangu wote. Nikatafuta njia ya mkato, kila kitu nikakiita "kitu": vitu 3 vimeundwa, kitu 1 kimefutwa. Kisarufi hakuna tatizo. Mwenzangu akasoma "kitu 1 kimefutwa", akaangalia mpango, akaona ni akaunti ya yule dada wa mapokezi aliyeacha kazi.

"Mtumiaji si kitu, kaka."

Kwa hiyo kila aina sasa inabeba viambishi vyake ndani ya msimbo: seva ni i na zi, mtumiaji a na wa, cheti ki na vi, mlango u na i. Kwenye "-me-" mambo ni laini, unabandika tu mbele, ameondolewa, kimetolewa, umefunguliwa. Ukifika kwenye "hakuna kilichobadilika" raha inaisha: hakuna mtumiaji aliyebadilika, hakuna cheti kilichobadilika, hakuna mlango uliobadilika, hakuna seva iliyobadilika. Hapo nikaacha ujanja nikaandika jedwali kwa mkono. Na "mpya" je? Mlango mpya, milango mipya, cheti kipya, vyeti vipya, mtumiaji mpya, watumiaji wapya. Jedwali tena. Nilitumia jioni mbili nzima kwenye viambishi, muda uleule niliotumia kwenye kufuli linalozuia watu wawili kutekeleza kwa pamoja, na sijutii. Mtu akisoma ripoti ambayo lugha yake imepinda, anaacha kuisoma. Mpango usiosomwa tayari nimeshaueleza ulifanya nini Ijumaa ile.

    Tayari. Daftari namba 97.
    Seva 1 imeundwa. Milango 2 imefunguliwa.
    Mtumiaji 1 ameondolewa. Vyeti 3 vimesasishwa.
    Rekodi 4 za DNS si zangu, nimeziacha.

Kilichobaki ni kile cha kuuliza sana, na kufuli ambalo Fundi akikatikia njiani linabaki limefungwa. Kulivunja lazima uandike jina la aliyelifunga, nikitumaini kwamba ukishaandika jina la mtu utampigia simu kwanza. Juzi mwenzangu aliandika langu bila kupiga. Nilikuwa nimelala, alisema, na kweli nilikuwa nimelala.

Kesho usiku tunahamisha seva ya wakala wa mizigo, ileile. Daftari na Fundi siku hizi vinakaa kwenye seva ndogo ya peke yake, nyumbani kwangu hakuna kinachoweza kuikatisha safari. Uniti za LUKU nimenunua hata hivyo.